Kumwona Mkongwe wa Roki Ukitokea Arusha au Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaouliza jambo lilelile kila tunapokaa kusikiliza gitaa: madereva wa watalii, walimu, wafanyabiashara wa Soko Kuu, na wastaafu ambao kaseti zao bado zinalia. Wengi wamempenda msanii mmoja kwa zaidi ya nusu ya umri wao na hawajawahi kumwona kwa macho. Tumeanza na ya msingi, mikasa tumeiweka mwishoni. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, nenda huko, hatukutaka kurudia.

## Mambo ya msingi

Mkongwe ni nani hasa?

Ni msanii aliyeanza kupanda jukwaani enzi za sahani za santuri au kaseti, na leo bado anajaza ukumbi wa watu elfu kumi na kuendelea. Bob Dylan alizaliwa 1941, Paul McCartney 1942, Eric Clapton na Neil Young 1945, Bruce Springsteen 1949. Brian May wa Queen ni wa 1947, na Queen kwetu ni habari ya nyumbani, kwani Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946.

Anayeulizwa kuliko wote Arusha na Moshi ni Bryan Adams. Hilo halishangazi: redio zetu zimempiga usiku wa mapenzi miaka nenda rudi, na mpaka leo ma-MC wa harusi wanamtegemea keki inapokatwa. Yeye ni wa 1959, kwa hiyo katika orodha hii ni chalii.

Kwa nini tusimsubiri aje Tanzania?

Subiri kama una subira, ila elewa kinachomzuia. Ziara ya arena, yaani ya kumbi kubwa zenye paa, ni msafara wa malori. Taa, spika na skrini za tani nyingi zinaning'inizwa kwenye paa la ukumbi mchana, zinashushwa usiku uleule shoo inapoisha, na kesho yake ziko mji mwingine, mwendo wa saa chache kwa barabara. Ulaya miji ya kufanyia hivyo imefuatana. Kuja kwetu, mzigo wote upande ndege kwa ajili ya usiku mmoja au miwili.

Halafu kuna paa lenyewe. Ukumbi wa Simba pale AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, unachukua watu 1,350 hivi. Sheikh Amri Abeid ni uwanja wa wazi, Ushirika wa Moshi vilevile, na uwanja mpya wa Arusha wa watu 30,000 unaohusu AFCON 2027 umekusudiwa mpira. Arena iliyo karibu nasi ni BK Arena ya Kigali, ilifunguliwa 2019, inachukua watu 10,000. Kendrick Lamar na John Legend wameshapita pale. Mkongwe wako akitangaza Kigali, acha kila kitu uende: Mtanzania haombi viza kuingia Rwanda.

Arena ina tofauti gani na uwanja wa mpira?

Paa na umbali. O2 ya London inachukua watu 20,000, Ziggo Dome ya Amsterdam 17,000. Uwanja wa mpira unaweza kuwa mara tatu au nne ya hapo, na ukikaa nyuma unaishia kumtazama msanii kwenye skrini, jambo ambalo ungelifanya sebuleni kwako bila viza. Kwenye arena hata kiti cha juu kinakuonyesha mtu, mikono yake na gitaa lake. Kwa anayetoka mbali na huenda asirudi tena, ushauri wetu hauyumbi: mkongwe akiwa na tarehe za arena na za uwanja, chagua arena.

Itanigharimu nini na nini?

Watu huanza na bei ya tiketi ya shoo, kumbe mara nyingi hiyo si kubwa kuliko zote. Nauli ya ndege ndiyo inayokula, ikifuatiwa na malazi, kwa sababu hoteli za jirani na ukumbi hupandisha bei mara tarehe inapotangazwa. Ongeza viza, bima, safari ya Dar kutoa alama za vidole, na akiba ya dharura. Wapo wanaoweka kidogokidogo kwa mtindo wa kikoba, wakisubiri ziara itangazwe. Kukopa hatukushauri. Ada za Januari hazijui gitaa.

Niende mji gani?

Kwa mtu wa Arusha au Moshi, Amsterdam ina faida ya wazi. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wanaruka kati ya uwanja wa Kilimanjaro (KIA) na Amsterdam, na KIA iko katikati yetu, chini ya saa moja na nusu kwa gari kutoka mji wowote kati ya hii miwili. Ukishuka Schiphol kuna treni ya moja kwa moja hadi kituo cha Bijlmer ArenA, chini ya nusu saa, na Ziggo Dome iko hatua chache kutoka kituoni. Usiku shoo ikiisha hutafuti teksi.

London ina shoo nyingi zaidi, lakini viza ya Schengen, ile ya pamoja ya Uholanzi na nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi Uingereza. Hayo ni maombi mengine na ada nyingine. Afrika Kusini Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi, na baadhi ya wakongwe hufika huko, ingawa si kila mwaka. Dubai kuna Coca-Cola Arena ya watu 17,000, iliyofunguliwa 2019. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda kufuata mzigo wanaijua njia ya Dubai vizuri kuliko ya Singida, kwa hiyo wengine huipanga safari ya mzigo iangukie wiki ya shoo. Hao ndio wenye akili kuliko sote.

## Tiketi

Zinauzwa wapi, na saa ngapi?

Anzia kwenye tovuti rasmi ya msanii au ya ukumbi, nayo itakupeleka kwa muuzaji halali. Ziara ikitangazwa, kwanza hufunguliwa mauzo ya awali kwa waliojiandikisha kwenye barua pepe za msanii. Siku chache baadaye ndipo umma mzima. Jiandikishe mapema. Kwa wengi ni bure, na msimbo utakaotumiwa ndio utakaokufungulia mlango.

Saa ndiyo inayowaponza watu. Amsterdam wakisema 10:00, kwetu ni saa tano asubuhi wakati wa kiangazi chao na saa sita mchana wakati wa baridi yao. Kwa London ongeza saa nyingine moja. Iandike kwenye karatasi kwa saa zetu, uibandike ukutani, maana 10:00 na saa kumi zimeshawahi kuchanganyika kichwani mwa mtu, akaja kuwasha kompyuta jioni.

Akaunti iwe imefunguliwa na kadi imeingizwa siku moja kabla. Ipigie benki yako wafungue manunuzi ya mtandaoni na kukuongezea kikomo, kwa kuwa kadi nyingi hutoka zikiwa zimefungwa. Laini inayopokea ujumbe wa uthibitisho iwe mkononi, si kwenye simu uliyomwachia mtoto achezee. Uwe na bando kwenye simu ya pili, kwa sababu umeme hauna taarifa na ratiba ya Bob Dylan.

Mbona bei imepanda nikiwa bado kwenye foleni?

Baadhi ya tiketi huuzwa kwa bei inayofuata mahitaji: watu wakijaa kwenye foleni, mfumo unapandisha. Mwaka 2022 tiketi kadhaa za Springsteen kule Marekani zilifika dola 5,000 kwa njia hiyo, na mashabiki wake wa miaka yote walikasirika kweli. Mwaka 2024 kelele hizohizo zilirudi Uingereza kwa tiketi za Oasis.

Si lazima iwe hivyo, msanii ana sauti. Robert Smith wa The Cure alikataa mtindo huo kwenye ziara ya Marekani ya 2023, na makato ya muuzaji yalipozidi alilalamika hadharani hadi wanunuzi wakarudishiwa dola 10 au 5 kwa kila tiketi. Kwako wewe la kufanya ni dogo: panga kiasi chako cha mwisho kabla ya kuingia kwenye foleni, ukikuta kimepita, toka. Tiketi nyingi hurudi sokoni karibu na tarehe (soma swali linalofuata).

Mtu amenitumia ujumbe anauza tiketi mbili. Ninunue?

Hapana. Picha ya tiketi si tiketi. Siku hizi msimbo mara nyingi hukaa ndani ya programu ya simu na hubadilika, kwa hiyo aliyepiga picha anaweza kuiuza kwa watu kumi na wote wakakwama mlangoni. Kwa Uholanzi tumia TicketSwap, ambako muuzaji haruhusiwi kuzidisha zaidi ya asilimia 20 juu ya bei ya awali. Kwa ukumbi mwingine, angalia kama muuzaji halali ana sehemu yake ya kuuziana mashabiki. Walanguzi wenye tovuti za kupendeza wapo wengi, na hutokea juu kabisa unapotafuta jina la msanii kwa sababu wamelipia nafasi hiyo.

Jambo jingine: baadhi ya programu za tiketi hazipatikani kwenye duka la programu la kila nchi. Jaribu kuipakua ukiwa bado Arusha, kabla ya kulipa, na si ukiwa mlangoni kwenye baridi.

Nikate ya kusimama au ya kukaa?

Ya kusimama inakuweka karibu, mradi uwahi. Maana yake ni kupanga foleni nje tangu mchana, kisha kusimama saa nne au tano bila kwenda msalani, kwa sababu ukiondoka nafasi imekwenda. Waholanzi nao ni warefu. Ukiwa na kimo cha wastani na umechelewa, utatazama migongo.

Tunachokipenda ni viti vya ngazi ya chini vya ubavuni, vilivyo jirani na jukwaa. Unaona mkono wa kushoto wa mpiga gitaa, unaona mpiga ngoma akimkonyeza mpiga besi, unaona fundi gizani akipanga gitaa linalofuata. Epuka vilivyo nyuma ya usawa wa jukwaa, ambavyo kwenye tiketi huandikwa kwamba mwonekano umezibwa.

Kifurushi cha VIP kinafaa?

Mara nyingi unauziwa kiti kizuri, fulana na kadi ya kuning'iniza shingoni. Kukutana na msanii ana kwa ana kumo kwenye vifurushi vichache. Pesa hiyo ingetosha tiketi ya usiku wa pili.

## Pasi, viza na ndege

Pasi yangu ina miezi minne tu. Inatosha?

Kwa Schengen, pasi iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku unayotoka huko, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki na kurasa mbili tupu. Miezi minne inaweza kupita kwenye karatasi, lakini shoo ikisogezwa mbele umekwisha. Omba mpya. Ada ya pasi ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na bila namba ya NIDA hutafika mbali.

Viza ya Schengen inataka nini?

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifidie matibabu yasiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15. Kwa kawaida uamuzi huchukua siku 15 lakini unaweza kwenda zaidi. Alama za vidole unakwenda kutoa Dar es Salaam mwenyewe, hakuna wa kukuwakilisha. Zikishachukuliwa, kwa kawaida hutumika tena kwa karibu miaka mitano.

Tiketi ya shoo inaeleza kwa nini unakwenda. Haielezi kwa nini utarudi, na hilo la pili ndilo afisa analolitafuta. Mwajiriwa apeleke barua ya kazi yenye tarehe za likizo. Mwenye duka apeleke leseni, TIN na taarifa za benki zinazoonyesha pesa ikiingia na kutoka kama biashara inavyokwenda. Milioni tano zilizotua kwenye akaunti wiki iliyopita kutoka kwa shemeji zinaonekana kama zilivyo. Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Marangu ana ushahidi mzuri asioufikiria: stakabadhi za malipo za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) za misimu kadhaa, hati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na barua ya kijiji yenye tafsiri ya Kiingereza.

Ambatisha barua fupi. Sema wewe ni nani, unamwona nani, tarehe gani, unalala wapi, unarudi lini. Usiandike historia ya maisha yako na gitaa la kwanza, ingawa tunajua mkono utakuwasha.

Nikate tiketi ya shoo kwanza, au nipate viza kwanza?

Hili ndilo fundo lenyewe. Ziara mara nyingi hutangazwa mapema kuliko ile miezi 6 ya viza, na tiketi huweza kuisha ndani ya dakika. Ukisubiri viza, tiketi zimeondoka. Kwa hiyo shoo kwanza, ila nunua pale tu ambapo kuna njia halali ya kuiuza ukinyimwa viza.

Kisha hoteli ya kughairi bure. Kisha nafasi ya ndege iliyoshikiliwa bila kulipiwa, kwani ubalozi unataka kuona mpango wa safari. Viza ikitoka ndipo ulipie ndege. Wakala atakayekusukuma ulipe nauli isiyorudishwa kabla ya viza kwa sababu "bei inapanda kesho", mwambie ipande tu.

Nifike siku ngapi kabla?

Mbili. Ndege huchelewa, mabegi hupotea, na kuingia kwenye ukumbi wenye giza na joto ukiwa umetoka uwanja wa ndege mchana uleule ni kununua usingizi kwa bei ya tiketi. Bakiza pia usiku mmoja baada ya shoo. Sababu nyingine iko kwenye swali la kuahirishwa.

## Usiku wenyewe

Mambo huanza na kuisha saa ngapi?

Tiketi huonyesha saa ya milango, kwa mfano 18:30, yaani saa kumi na mbili na nusu jioni. Kukiwa na bendi ya kufungua huanza saa moja baadaye hivi, na mkongwe mwenyewe hupanda saa mbili hadi tatu usiku. Ratiba hufuatwa. Aliyezoea shoo za nyumbani, ambapo saa mbili maana yake saa sita, atakuta nusu imepita. Kumbi nyingi za mjini zina saa ya kufunga, mara nyingi saa tano usiku.

Urefu unategemea mtu. Bryan Adams hupiga kama saa mbili. Springsteen kwa kawaida hana bendi ya kufungua na hupiga kwa takriban saa tatu. Helsinki mwaka 2012 alipiga saa 4 na dakika 6.

Nivae nini, na begi je?

Nje baridi, ndani joto. Nguo nyepesi ndani, jaketi zito juu, na pesa ya kuhifadhia jaketi mlangoni. Jaketi hilo linapatikana soko la Kilombero, Arusha, au Memorial, Moshi, kwa bei ya mitumba. Usikodishe lile la kupandia mlima kwenye maduka ya Moshi, utakaa nalo wiki nzima na kodi inahesabiwa kwa siku. Begi liwe dogo; O2 hawapokei linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, na kumbi nyingi zina sharti la namna hiyo.

Nibebe pesa taslimu?

Kidogo tu ya njiani. Ndani ya kumbi nyingi hulipi ila kwa kadi, hata maji. Shilingi zetu hutazibadilisha huko, chukua euro ukiwa bado hapa.

Simu inaruhusiwa?

Kwa wengi ndiyo. Dylan kwenye ziara zake za karibuni hufungia simu kwenye kifuko unachokaa nacho mwenyewe na kufunguliwa wakati wa kutoka. Kwa hiyo andika mahali kwenye karatasi jina la hoteli na namba ya mwenzako. Kwingineko, rekodi wimbo mmoja kwa ajili ya nyumbani kisha iweke mfukoni. Sauti utakayoileta itakuwa mbovu hata hivyo.

Masikio yangu yatavumilia?

Uholanzi kuna makubaliano kwamba wastani wa sauti kwa dakika 15 usizidi desibeli 103. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 100. Yote mawili ni makelele. Nunua vizibo vya masikio vya muziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuikata, na uvivae kabla ya wimbo wa kwanza. Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 kwa hatari ya kupoteza usikivu, na yule anaishi kwa sauti.

Sauti yake bado ipo?

Swali la haki. Nyimbo nyingi za wakongwe leo hupigwa chini ya ufunguo (kimo cha sauti cha wimbo) uliorekodiwa, nusu toni au toni nzima, ili koo lifike. Ukikaa pale ubavuni tulipopendekeza utamwona fundi akitokea gizani kila baada ya nyimbo mbili tatu, anapokea gitaa moja na kumvisha msanii jingine, mkanda unapita begani bila neno. Sababu mojawapo ni hiyo: nyuzi za hilo la pili zimelegezwa. Shabiki aliyezoea kaseti hushtuka mwanzoni na kuzoea kabla ya kiitikio. Isitoshe, kaseti zetu zilikuwa za kurekodiana, kila deki na mwendo wake, na betri zikichoka wimbo ulishuka wenyewe. Huenda ufunguo halisi hujawahi kuusikia.

Kuna wanaosomea maneno kwenye skrini ndogo miguuni, Springsteen akiwemo, na hatuoni aibu yoyote hapo kwa mtu mwenye mamia ya nyimbo. Kuna aliyekaa: Phil Collins alimaliza safari yake na Genesis pale O2, Machi 2022, akiwa kwenye kiti kwa sababu ya afya, mwanawe Nic akipiga ngoma alizokuwa akipiga baba. Waliokuwepo hawasimulii kuhusu kiti.

Dylan ni kesi yake peke yake. Hukaa kwenye piano, hazungumzi na watu, na hubadilisha nyimbo hadi unaitambua katikati ya beti la pili. Ukimfuata kwa ajili ya kaseti yako, utakasirika. Ukimfuata ili usikie mzee anafikiria nini usiku huo, utapenda.

Atapiga wimbo wangu?

Tazama orodha za nyimbo za usiku uliotangulia, mashabiki huziandika mtandaoni kabla hata ukumbi haujafagiliwa. Wengi hubadilisha nyimbo chache tu. Usipouona wimbo wako kwenye orodha za usiku kadhaa mfululizo, usiusubiri. Ukitaka mshangao, usitazame.

Watu wataniona wa ajabu nikiimba kwa nguvu?

Imba. Usiimbe tu kwenye nyimbo za taratibu ambazo jirani naye amelipia kuzisikia. Waholanzi wenyewe wana sifa ya kupiga soga katikati ya muziki, kwa hiyo sauti yako haitakuwa kero kubwa kuliko zote.

## Mikasa na hali zisizo za kawaida

Msanii akiahirisha?

Kwa umri huu hutokea. Springsteen aliahirisha shoo zilizobaki za 2023 kwa vidonda vya tumbo, na Mei 2024 zikasogezwa tena kadhaa za Ulaya, sauti ikiwa na tatizo. Aerosmith walianza ziara ya kuaga Septemba 2023, wakasimama baada ya shoo tatu kwa jeraha la koo la Steven Tyler, na Agosti 2024 wakatangaza kwamba hawatazunguka tena.

Shoo ikifutwa utarudishiwa pesa ya tiketi. Ndege na hoteli ni zako. Na shoo ikisogezwa miezi minane, viza yako ya kuingia mara moja itakuwa imekufa. Ndiyo maana tunashauri bima inayofidia kukatizwa kwa safari, nauli inayobadilishika kwa ada hata kama ni ghali kidogo, na mji ambao msanii ana usiku mbili. Tarehe za katikati ya ziara ni salama kuliko za mwisho, ambapo koo na mwili vimechoka.

Wanasema ni ziara ya mwisho. Niamini?

Inategemea nani anasema. Scorpions walitangaza kuaga mwaka 2010, na miaka zaidi ya kumi baadaye bado wanapiga. Ozzy Osbourne aliita ziara yake ya 1992 ya mwisho. Shoo yake ya mwisho kweli ilikuwa Julai 5, 2025, Birmingham, na alifariki siku 17 baadaye. Elton John alisema na akafanya: alimalizia Stockholm, Julai 8, 2023. Tiketi za kuaga huuzwa ghali kwa sababu ya neno hilo tu, kwa hiyo usinunue hofu. Lakini msanii akishapita sabini, nawe una uwezo mwaka huu, usiahirishe wewe.

Mchungaji anasema roki ni muziki wa shetani. Niende?

Roki ni pana. Ozzy alijenga jina kwa misalaba na vitisho vya jukwaani. Bryan Adams ameimba mapenzi na ujana maisha yake yote. Dylan alitoa albamu za Kikristo kati ya 1979 na 1981 na kuwakera mashabiki wasiosali. Soma maneno ya huyo unayemfuata, uamue. Ila usimwambie mama watoto kwamba unakwenda semina.

Naweza kumpeleka mwanangu?

Soma masharti ya ukumbi, umri hutofautiana na eneo la kusimama mara nyingi lina sharti kali zaidi. Mtoto anahitaji viza yake na idhini ya wazazi wote wawili.

Baba anatumia kiti cha magurudumu. Atapata nafasi?

Arena nyingi za Ulaya zina jukwaa maalumu la viti vya magurudumu, na nyingine humpa msindikizaji tiketi ya bure. Hizi haziuzwi kwa foleni ya kawaida. Andikia ukumbi mapema.

Fulana ya ziara ni ghali mno. Kuna njia nyingine?

Ipo Memorial. Kwenye marobota hutokea fulana za bendi za kweli, na wauzaji huzichanganya na za kampeni na za mbio za hisani. Geuza nyuma uone kama kuna orodha ya miji na tarehe. Geuza pindo la mkono, mshono wa mstari mmoja mara nyingi ni dalili ya fulana ya kabla ya katikati ya miaka ya tisini. Kwaruza chapa kwa ukucha, ya zamani ina nyufa na imeingia kwenye uzi. Usionyeshe furaha usoni. Bei itapanda ukiwa unaangalia.

Nimenyimwa viza. Nifanye nini?

Utapewa barua yenye sababu. Isome bila hasira, kwa sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili: hawakuona uthibitisho wa kurudi, au pesa haikueleweka imetoka wapi. Uholanzi inaruhusu kupinga ndani ya wiki nne, kwa maandishi. Kama shoo iko karibu, kuomba upya na nyaraka zilizokosekana kunaweza kuwa haraka kuliko kupinga, ingawa ada unalipa tena.

Huku ukisubiri, hesabu siku. Zikibaki wiki mbili na hakuna dalili, ghairi hoteli na uiweke tiketi sokoni kwa bei uliyonunulia. Usingoje siku ya shoo: wauzaji huwa wengi, na zako zitaondoka kwa nusu bei au zisiondoke.